Mpanda Ngazi Aliyekubali Kushuka: Maisha ya George Washington

Mpenzi msomaji, wahenga walisema kuwa mpanda ngazi hushuka. Lakini ni wangapi hushuka kwa hiari yao? Wengi hung'ang'ania pale juu mpaka ngazi yenyewe ianguke. Leo ningependa kukusimulia habari za bwana mmoja aliyepanda hadi kileleni mara mbili, na mara zote mbili akashuka kwa miguu yake mwenyewe. Huyu si mwingine ila George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Nikimweleza yeye itanibidi nieleze pia kazi ya rais wa nchi hiyo na jinsi anavyochaguliwa, kwa maana kiti kile yeye ndiye aliyekikalia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Washington alizaliwa tarehe 22 Februari mwaka wa 1732 huko Virginia. Wakati huo hapakuwa na nchi iitwayo Marekani. Palikuwa na makoloni tu, chini ya mfalme wa Uingereza. Babake alifariki George akiwa na umri wa miaka 11. Kaka zake wakubwa walikuwa wamepelekwa Uingereza kusoma, lakini yeye bahati hiyo hakuipata, wala chuo kikuu hakukiona. Alichopata ni urithi: shamba na watumwa 10. Hebu fikiria, mtoto wa miaka 11 kuwa bwana wa watu wazima! Likumbuke jambo hilo, msomaji, maana tutalirudia.

Alipofika miaka 16 alifuatana na wapima ardhi hadi porini, wakivuka mito na kulala nje. Mimi pia nina miaka 16, na safari yangu kubwa ni ile ya alfajiri ya kuwahi kengele ya shule! Mwaka uliofuata alipewa kazi ya upimaji katika wilaya ya Culpeper. Baadaye akawa mwanajeshi upande wa Waingereza dhidi ya Wafaransa, na mwaka wa 1754 alishindwa vibaya hata akasalimu amri. Mwaka wa 1759 akamwoa Martha, mjane tajiri mwenye watoto wawili. Wakaishi Mount Vernon, kando ya mto Potomac. Mungu hakuwajalia mtoto wao wenyewe.

Kisha mambo yakachacha. Watu wa makoloni walitozwa kodi na Bunge la London, ilhali mle bungeni hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Vita vikaanza mwaka wa 1775, na Washington akateuliwa kuwa mkuu wa jeshi. Usidhani alishinda kila pigano, la hasha! Alikimbizwa huku na huku. Katika kipupwe cha mwaka wa 1777 jeshi lake lilipiga kambi Valley Forge, na askari wapatao 2,000 wakafa, wengi kwa maradhi. Lakini alivumilia. Mwaka wa 1781 alisaidiwa na Wafaransa, akawabana Waingereza pale Yorktown mpaka wakajisalimisha. Mkataba wa amani ukatiwa sahihi mwaka wa 1783.

Sasa hapa ndipo wengi walipotazamia ajifanye mfalme. Jeshi lilikuwa mkononi mwake na watu walimsifu usiku na mchana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, sivyo? Yeye hakulitia. Mnamo Desemba 1783 alikwenda mbele ya wajumbe wa Kongresi mjini Annapolis, akakirudisha cheo chake na kwenda zake shambani. Huko ndiko kushuka kwa kwanza.

Muungano wa majimbo yale 13 ulikuwa legelege kweli kweli. Serikali kuu haikuwa na uwezo wa kutoza kodi, tena haikuwa na rais mtendaji. Basi mwaka wa 1787 wajumbe walikutana Philadelphia kuandika katiba, Washington akiwa mwenyekiti wao. Walikuwa na hofu mbili. Wakimpa kiongozi nguvu nyingi, atakuwa mfalme mwingine. Wakimnyima, nchi itasambaratika. Dawa waliyoipata ni kugawanya madaraka.

Rais alipewa kazi ya kuhakikisha kwamba sheria zinafuatwa. Yeye ndiye amiri jeshi mkuu, lakini kutangaza vita na kutoa pesa ni kazi ya Kongresi. Anaweza kufanya mikataba na nchi nyingine, ila lazima theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria wakubali. Anateua majaji, mabalozi na mawaziri, na hapo pia sharti Seneti iidhinishe. Anaweza kuukataa mswada, lakini mabunge yote mawili yakiupitisha tena kwa theluthi mbili, unakuwa sheria apende asipende. Anaweza kumsamehe aliyevunja sheria za taifa. Naye akikosea sana, Baraza la Wawakilishi humshtaki na Seneti humhukumu. Anayetaka kiti hicho awe raia wa kuzaliwa, ametimiza miaka 35, na ameishi nchini miaka 14.

Na uchaguzi je? Hapa ndipo wenzangu wengi darasani huchanganyikiwa. Kwetu Kenya, nitakapofika miaka 18 kura yangu itahesabiwa moja kwa moja kwa mgombea wangu. Kule, kila jimbo lina wajumbe maalumu wa kumchagua rais, na idadi yao ni sawa na maseneta na wawakilishi wa jimbo hilo katika Kongresi. Siku hizi wajumbe hao ni 538, na mshindi lazima apate angalau 270. Ndiyo sababu mtu anaweza kupata kura nyingi za wananchi na bado akashindwa, kama ilivyotokea mwaka wa 2000 na 2016.

Mwaka wa 1789 wajumbe waliopiga kura walikuwa 69, na wote, bila kubakia hata mmoja, walimchagua Washington. John Adams alimfuata kwa kura 34 akawa makamu. Washington aliapishwa New York tarehe 30 Aprili. Kinywani alibakiwa na jino moja tu la kwake, mengine ya bandia! Kongresi iliweka mshahara wa dola 25,000 kwa mwaka. Palizuka ubishi kuhusu jina la kumwita, maana wengine walitaka sifa ndefu kama za wafalme. Mwishowe aliitwa Bwana Rais, basi. Akawakusanya washauri kama Thomas Jefferson na Alexander Hamilton, ambao waligombana kama paka na panya, akawasikiliza wote. Wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania walipoasi mwaka wa 1794 kwa sababu ya kodi ya pombe, alikusanya wanamgambo wapatao 13,000. Uasi ukafifia. Wawili walihukumiwa kunyongwa, naye akawasamehe.

Mwaka wa 1792 alichaguliwa tena kwa kura zote 132. Katiba haikumwekea kikomo, angeweza kugombea hadi kifo. Lakini mwaka wa 1796 aliwaaga wananchi kupitia gazetini, akiwaonya juu ya chuki za vyama, na Machi 1797 akamwachia Adams kiti. Desturi hiyo ya vipindi viwili ilidumu mpaka Franklin Roosevelt alipochaguliwa mara nne, kuanzia mwaka wa 1932. Ndipo mwaka wa 1951 katiba ikarekebishwa, mtu asichaguliwe zaidi ya mara mbili. Katiba yetu ya 2010 nayo ina mihula miwili.

Ningeishia hapa, ingekuwa hadithi tamu. Lakini msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Wale watumwa 10 wa utotoni waliongezeka. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu. Mtu aliyepigana miaka minane asitawaliwe na mfalme aliwamiliki wanadamu wenzake. Hata katika kugawa viti vya wawakilishi, katiba ile ilimhesabu mtumwa kuwa sehemu tatu kwa tano za mtu. Kwa hivyo majimbo ya watumwa yalipata wajumbe wengi zaidi wa kumchagua rais, ilhali mtumwa mwenyewe hakuwa na kura.

Serikali ilipohamia Philadelphia, sheria ya Pennsylvania ilimruhusu mtumwa aliyekaa huko miezi sita kudai uhuru wake. Rais alifanya nini? Aliwahamisha watumwa wake kabla miezi hiyo haijatimia, kisha akawarudisha. Na mwaka wa 1793 alitia sahihi sheria ya kuwakamata watumwa waliotoroka. Mei 1796 msichana mmoja aliyemtumikia Martha, Ona Judge, alitoka katika nyumba ya rais na kupanda meli hadi New Hampshire. Washington alijaribu kumrudisha, wapi! Ona aliishi huko mpaka alipofariki mwaka wa 1848.

Washington alifariki tarehe 14 Desemba 1799 kwa ugonjwa wa koo, baada ya madaktari kumtoa damu nyingi wakidhani ni tiba. Katika wosia wake aliagiza watumwa wake 123 waachwe huru baada ya mkewe kufa. Martha hakungoja, aliwaacha huru Januari 1801. Lakini wengine 153, waliokuwa mali ya ukoo wa mume wa kwanza wa Martha, walibaki utumwani.

Je, tumwite shujaa au la? Katika chama chetu cha Kiswahili tulibishana hadi saa ya kufunga lango. Mimi nasema hivi: aliweza kuachia jeshi, akaweza kuachia urais, vitu ambavyo watu wako tayari kuuana kwa ajili yake. Kuwaachia watu waliompikia na kumfulia ndiko kulikomshinda mpaka alipokuwa kaburini. Sheria zinaweza kumzuia rais asiwe mfalme wa nchi. Nyumbani kwake, ilibidi Ona Judge ajipe uhuru mwenyewe.