Immanuel Kant: Miaka 15 ya Kuomba Kazi ya Uprofesa

Utangulizi

Mwanafunzi wa shahada ya juu anapokaribia kuikamilisha tasnifu yake hukabiliwa na kazi nyingine ya uandishi isiyo na msimamizi, nayo ni kutayarisha stakabadhi za kuombea nafasi ya uhadhiri: barua ya maombi, wasifu, orodha ya machapisho, maelezo ya namna anavyofundisha na majina ya wadhamini. Wengi wetu hukutana na jina la Immanuel Kant katika somo la nadharia, tukamsoma kana kwamba alizaliwa akiwa profesa. Makala hii inadhamiria kusimulia sehemu ya maisha yake ambayo haizungumziwi sana, yaani miaka 15 aliyoitumia kuitafuta kazi hiyo. Inadaiwa hapa kwamba stakabadhi za Kant hazikuandikwa siku nafasi ilipopatikana, bali zilijengwa kwa miaka mingi. Na kwamba ubora wa kazi yake pekee haukutosha.

Malezi na Elimu

Kant alizaliwa tarehe 22 Aprili 1724 katika mji wa Königsberg, Prusia ya Mashariki, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Baba yake alikuwa fundi wa mikanda na hatamu za ngozi za farasi. Mama yake alifariki mwaka 1737, na mwaka 1740 kijana huyo akajiunga na chuo kikuu cha mji wao. Baba yake alipofariki mwaka 1746, riziki ilikuwa haba. Kant aliondoka chuoni mwaka 1748 bila shahada, akawa mwalimu wa nyumbani kwa familia za mashambani. Aliishi hivyo kwa takriban miaka 6, akifundisha watoto wa watu huku akiendelea kuandika.

Stakabadhi za Kwanza

Mwaka 1755 alirejea chuoni kwa kishindo. Aliwasilisha tasnifu ya Kilatini kuhusu moto, iliyompa shahada mwezi wa Juni. Mwezi wa Septemba alitetea tasnifu ya pili mbele ya hadhara, kuhusu misingi ya kwanza ya maarifa ya metafizikia. Hii ndiyo iliyompa ruhusa ya kufundisha. Mwaka huohuo alichapisha kitabu kuhusu chanzo cha sayari na nyota bila kutia jina lake. Mchapishaji akafilisika na kitabu hakikuenea.

Ruhusa ya kufundisha haikuwa ajira. Mhadhiri wa daraja lake hakulipwa na chuo hata senti. Aliishi kwa ada alizolipwa na wanafunzi waliohudhuria mihadhara yake. Mhadhiri wa muda wa siku zetu, anayelipwa kwa saa, ataitambua hali hiyo mara moja. Kwa hiyo Kant alifundisha mantiki, metafizikia, hisabati, maadili na jiografia, na katika mihula mingi alikuwa na saa 16 kwa juma au zaidi. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba alivaa koti moja mpaka likachakaa, marafiki wakataka kumnunulia jingine, naye akakataa.

Maombi Yaliyogonga Mwamba

Ili mtu ateuliwe kuwa profesa wa daraja la chini, kanuni ya Prusia ilimtaka awe ametetea tasnifu 3 hadharani. Kant aliitetea ya tatu mwezi wa Aprili 1756, na mwezi huohuo akamwandikia Mfalme Friedrich wa Pili akiomba nafasi iliyokuwa wazi tangu kifo cha mwalimu wake, Martin Knutzen, mwaka 1751. Alikuwa ametimiza masharti yote. Hata hivyo, Vita vya Miaka Saba vilianza mwaka huo na nafasi ile haikujazwa. Kosa halikuwa katika barua wala katika tasnifu.

Mwaka 1758 alifariki profesa wa mantiki na metafizikia, masomo ambayo Kant aliyapenda kuliko yote. Wakati huo Königsberg ilikuwa imetekwa na jeshi la Urusi, hivyo mwezi wa Desemba aliiandikia mamlaka ya chuo na pia Malkia Elizabeth wa Urusi. Alieleza midahalo aliyoiongoza, maandishi aliyoyachapisha na mihadhara aliyoitoa. Nafasi ilimwendea Friedrich Johann Buck, aliyekuwa amefundisha kwa muda mrefu zaidi. Kant alikuwa na umri wa miaka 34.

Nafasi Aliyoikataa

Tukio linalopaswa kutuvutia sisi wanafunzi wa fasihi lilitokea mwaka 1764. Serikali ilikuwa tayari kumpa Kant uprofesa wa ushairi. Kazi ya profesa huyo ilikuwa pamoja na kutunga mashairi ya sherehe za chuo na kukagua tungo za hafla. Mtu aliyeishi kwa ada za wanafunzi kwa karibu miaka 9 angeipokea kwa mikono miwili. Kant aliikataa kwa heshima, akaeleza kwamba angesubiri nafasi inayolingana na taaluma yake. Yamkini alijua kwamba kuipokea kungemfungia njia aliyoitaka.

Alichokifanya baadaye kinaonyesha kuwa hakukataa kwa kiburi. Mwaka 1766 alikubali kuwa msaidizi wa mkutubi katika maktaba ya kifalme, kwa mshahara wa thaler 62 kwa mwaka. Huo ndio uliokuwa mshahara wake wa kwanza wa kudumu, akiwa na umri wa miaka 41. Kazi ndogo isiyomwondoa katika falsafa aliiona bora kuliko cheo kikubwa ambacho kingemwondoa.

Katika kipindi hichohicho alichapisha tangazo la mihadhara yake ya muhula wa 1765 hadi 1766. Humo alieleza kuwa mwanafunzi hapaswi kubebeshwa fikra zilizokwisha tayari, bali azoezwe kufikiri mwenyewe. Waombaji kazi wa leo hutakiwa kuandika maelezo kama hayo juu ya ufundishaji wao. La kuzingatia ni kwamba Kant aliyaandika kwa ajili ya wanafunzi wake, baada ya miaka 10 darasani.

Ombi la 1770

Mwaka 1769 chuo cha Erlangen kilimwita, na mapema mwaka uliofuata Jena nako kukaulizia. Kant alichagua kubaki. Mwezi wa Machi 1770 profesa wa hisabati wa Königsberg alifariki, na siku chache baadaye Kant alikuwa ameandika Berlin. Hakuiomba nafasi ya hisabati. Alipendekeza mmoja wa maprofesa waliokuwepo ahamishiwe huko, naye apewe nafasi itakayoachwa. Tarehe 31 Machi amri ilitolewa: Buck ahamie hisabati, Kant achukue mantiki na metafizikia. Mwezi wa Agosti alitetea tasnifu yake ya kuingilia kazini, kuhusu ulimwengu unaofahamika kwa hisi na ule unaofahamika kwa akili.

Haifai kulifunika doa lililomo. Buck hakuulizwa kabla ya kuhamishwa. Mwandishi aliyekuja kuufundisha ulimwengu kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine alipata kazi yake kwa kupanga kiti cha mwenzake bila ridhaa yake.

Lipo doa kubwa zaidi kwa msomaji Mwafrika. Mwaka 1764, mwaka uleule wa uprofesa wa ushairi, Kant alichapisha maneno ya dharau kuhusu akili za watu weusi. Ilhali Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika Ghana ya leo, alikwisha kufundisha falsafa katika chuo cha Halle, na mwaka 1739 aliomba na kupewa ruhusa ya kufundisha Jena. Stakabadhi za Amo zilikuwapo tayari kuyakanusha maneno hayo.

Hitimisho

Baada ya uteuzi, Kant alinyamaza kwa takriban miaka 11, kisha mwaka 1781 akachapisha uhakiki wake wa akili tupu, kitabu kilichobadilisha mkondo wa falsafa. Alifariki tarehe 12 Februari 1804. Mwaka 1778 alikuwa amekataa mshahara mnono zaidi wa chuo cha Halle.

Maisha haya hayamwahidi mwombaji kwamba subira itamletea kazi. Vita, ukongwe wa mshindani na kifo cha mtu asiyehusika viliamua mengi kuliko tasnifu zake. Lililokuwa mikononi mwa Kant ni machache: kuwa na maandishi ya kuonyesha kila mlango ulipofunguka, kuijua taaluma anayoitaka, na kuandika barua bila kukawia. Mengine hayakuwa yake. Msomi kijana anayerudishiwa bahasha yake asiharakishe kuihukumu akili yake. Aikague barua, aongeze andiko moja, kisha aombe tena.