Dk. Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeifuata saratani ya watoto kwa gari

MTOTO wa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru kaskazini mwa Zambia, akianza kuvimba taya, ni rahisi wazazi wake kudhani ni jino.

Lakini kama ni uvimbe unaoitwa kwa jina la hayati Dk. Denis Burkitt, kila siku ina thamani. Saratani hiyo inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Lusaka, ilikofunguliwa mwaka 2007 hospitali ya kwanza ya saratani nchini humo, iko takriban kilomita 1,000 kwa barabara, kama kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, Enniskillen, katika eneo ambalo leo ni Ireland ya Kaskazini. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja baada ya kupigwa jiwe. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, akahamia udaktari.

Vita Kuu ya Pili ilimleta Afrika Mashariki akiwa daktari wa jeshi. Mwaka 1946 alikwenda Lira, Uganda, kisha Hospitali ya Mulago, Kampala, akiwa mpasuaji.

Mwaka 1957 mwenzake, Dk. Hugh Trowell, alimwita wodini kumwona mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote mbili, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa ni ugonjwa gani. Muda mfupi baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine amekaa nje na mama yake, uso umevimba vilevile.

Hapo akaanza kuuliza. Fedha za utafiti zilikuwa kidogo mno, hivyo alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika. Oktoba 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson wakapanda gari kuukuu na kusafiri wiki 10, kilomita 16,000 hivi, wakipita Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia. Kila hospitali swali lilikuwa moja: mmewahi kumwona mtoto kama huyu?

Jibu lilifuata joto na mvua. Ugonjwa ulikuwa mabondeni, ukatoweka nyanda za juu zenye baridi. Yaani ulikuwa kule kule kwenye mbu.

Mapema mwaka huo alikuwa ametoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwepo ukumbini. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 kirusi kikapatikana.

Ajabu ni kwamba kirusi hicho karibu binadamu wote wanacho, tajiri na maskini. Kinachotofautisha ni malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara na kuvuruga kinga yake. Nchelenge, yenye maji na vinamasi, malaria haina msimu wa kupumzika. Hivyo chandarua huko si kinga ya homa tu.

Mulago haikuwa na mashine za mionzi, basi Burkitt alijaribu dawa. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi moja au chache. Mwaka 1967 kilifunguliwa kituo maalumu cha tiba hiyo Kampala.

Leo katika nchi tajiri watoto wapatao tisa kati ya 10 hupona. Afrika, dawa ilikojaribiwa, wanaopona ni wachache zaidi: wengi hufika wamechelewa, wengine hukatisha tiba nauli ikiisha.

Burkitt aliondoka Uganda katika miaka ya 1960, akapata umaarufu mwingine Uingereza kwa kuhimiza watu kula nafaka zisizokobolewa. Alifariki Machi 23, 1993.

Kwa familia ya mvuvi wa kisiwa cha Kilwa, ndani ya Ziwa Mweru, safari ya kutafuta tiba bado huanza kwa mashua. Kwanza wauze dagaa wao, chisense, wapate nauli ya kufika nchi kavu. Lusaka bado haijatajwa.