Nyumba Iliyokataa Kusalimu Amri: Maisha ya Mtemi Isike wa Unyanyembe

Wengi wetu tuliopita Tabora tumewahi kujibu swali la mtihani juu ya Mtemi Isike. Tuliandika kwamba alipigana na Wajerumani, kwamba alijilipua kwa baruti mwezi Januari 1893, tukapata alama zetu na kwenda kwenye swali la Mkwawa. Wachache walijiuliza baruti hiyo ilikuwa wapi. Ilikuwa nyumbani kwake. Isike hakufia porini wala njiani akikimbia. Alishindwa akiwa ndani ya makao yake mwenyewe. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, safari hii tumtazame mtu huyu kwa kuanzia kwenye nyumba yake.

Isike alishika utemi wa Unyanyembe mwaka 1876, baada ya Mkasiwa. Nchi aliyoirithi ilikuwa njia panda ya biashara. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Tabora, kisha mingine ikaelekea Ujiji na mingine kaskazini, Karagwe na Buganda. Zilipita pembe za ndovu, nguo, shanga, bunduki na baruti, na walipita pia binadamu waliotiwa utumwani. Mtemi alitoza hongo. Tusimfanye Isike kuwa malaika: nguvu zake zilitokana na biashara hiyo hiyo. Lakini njia iletayo mali huleta na maadui. Waarabu wa Tabora walitaka mtemi wa kuwatii, na upande wa magharibi alikuwapo Mirambo wa Urambo, aliyeitikisa nchi yote mpaka alipofariki mwaka 1884.

Katika nchi ya namna hiyo, nyumba haikuwa mahali pa kulala tu. Wanyamwezi wa zamani walijenga msonge, nyumba ya mviringo yenye paa la nyasi. Vita vya karne ya 19 vilipozidi, tembe nayo ilienea. Tembe ni safu ya vyumba vilivyoshikana, vikizunguka ua wa mraba. Kuta ni za miti na udongo, na paa ni bapa: magogo, juu yake fito, juu ya fito udongo ulioshindiliwa. Milango hutazama uani, na ukuta wa nje hauna madirisha. Mgeni akifika huona ukuta mtupu, hali ndani mna watu, ng'ombe na chakula. Juu ya paa hilo mama huanika nafaka wakati wa amani. Wakati wa vita, paa la udongo haliungui upesi kama la nyasi.

Makao ya mtemi yaliitwa kwikuru, na neno letu la Ikulu lina asili katika lugha za Wanyamwezi na Wasukuma. Isike aliichukua elimu hiyo ya ujenzi ambayo kila mwanakijiji aliijua, akaifikisha mbali. Kwikuru yake, karibu na Tabora, ilikuwa ngome yenye kuta nene na maboma ya miti, na ndani yake aliweka ghala la baruti. Udongo ulikuwa wa Unyanyembe, na miti ilitoka katika miombo ya kwao.

Mwaka 1890 Emin Pasha alifika Tabora kwa niaba ya Wajerumani, akafanya mapatano na Waarabu na kupandisha bendera. Isike hakukubali kuwa mtemi chini ya bendera ya mtu mwingine. Mwaka 1892 Wajerumani waliishambulia kwikuru zaidi ya mara moja, wakashindwa kuiteka. Jeshi lenye silaha za kisasa lilirudishwa na nyumba ya udongo na watu walioilinda.

Januari 1893 alikuja Luteni Tom von Prince, na safari hii ngome ilivunjwa. Askari walipokwisha kuingia, Isike alirudi ndani kabisa, kwenye ghala la baruti, akaliwasha. Kile alichokiweka ili kuilinda nyumba ndicho alichokitumia ili asikamatwe ndani yake. Wajerumani walimkuta angali na pumzi, wakamnyonga. Baada yake walimweka mwanamke, Nyaso, kuwa mtemi.

Wajerumani walijenga boma lao Tabora, nalo lipo mpaka leo. Kwikuru ya Isike haikusimama hivyo, kwani udongo usipokarabatiwa kila baada ya masika hurudi ardhini. Ndiyo maana twaweza kudhani kwamba mababu zetu hawakujenga kitu, kumbe walijenga kwa vitu visivyodumu bila mikono ya watu. Anayetaka kuona tembe ilivyokuwa aende Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, alikokaa Livingstone mwaka 1872. Nyumba ile ilijengwa upya, na sasa ni makumbusho.

Kwenu vijana mlioko shuleni hivi sasa: mkienda Kwihara msiulize habari za Livingstone peke yake. Tazameni ukuta, tazameni paa, mhesabu milango ya nje. Kisha mkumbukeni mtemi aliyeamini kwamba udongo wa kwao ungeweza kuizuia dola, na kwa muda ukaizuia kweli.