Erica Fiah: mwenye duka aliyetaka wachuuzi wawe na chama chao

Kimya changu kimetokana na msimu, maana huku bondeni mpunga ukianza kutoka shambani hakuna mwenye muda wa kukaa na kompyuta. Leo nimepata nafasi, nataka niongelee mzee mmoja ambaye vijana wengi hawamjui, na mimi mwenyewe jina lake nililisikia ukubwani.

Kwanza niwaambie kwa nini nimemkumbuka. Hapa Milepa, kama vijiji vingine vya Bonde la Rukwa, mnunuzi anakuja na lori lake na magunia yake. Gunia linajazwa mpaka linafura, halafu juu linashonewa kilemba. Ndiyo lumbesa yenyewe. Sheria ya vipimo inakataza, kila mtu anajua, lakini ukikataa wewe jirani yako atakubali kwa sababu ada ya mtoto inamsubiri. Mwaka juzi nilikataa. Mpunga wangu ukakaa ndani wiki tatu, mwisho nikauza kwa bei ya chini kuliko ile niliyoikataa. Nikasema basi, nitapandisha Lyambalyamfipa niende Sumbawanga nikakope mtaji nisafirishe mwenyewe. Kwenye taasisi moja, sitaitaja, nikaambiwa nilete hati ya nyumba. Jamani, nyumba ya kijijini ina hati gani?

Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira, na ndipo nikamkumbuka Erica Fiah.

Jina lisikuchanganye, Fiah alikuwa mwanamume. Alikuwa Muganda kutoka Uganda, akahamia Tanganyika, akawa na duka Dar es Salaam enzi za Mwingereza. Hakuwa chifu wala mtoto wa tajiri wa mjini. Alikuwa mgeni mwenye duka, ila mgeni anayesoma sana na asiyekubali kunyamaza. Habari za watu weusi wa Marekani na visiwa vya Karibi alizifuatilia, na fikra za Marcus Garvey za mtu mweusi kujitegemea kwa biashara yake mwenyewe zilimwingia sawasawa.

Sasa angalia Dar es Salaam ya miaka ya 1930 ilivyokuwa. Bandari ilikuwa pale pale, mali ikishuka melini inapitia kwenye makampuni ya Wazungu, inakwenda kwa wafanyabiashara wa jumla wa Kihindi, ndipo inamfikia Mwafrika mwenye genge au kiduka kwa bei iliyokwisha kupanda mara mbili tatu. Wazungu walikuwa na chemba yao ya biashara, Wahindi nao walikuwa na vyama vyao. Serikali ikitaka kutunga ushuru au leseni, hao ndio waliosikilizwa. Mwafrika mwenye duka alikuwa peke yake, kama mimi na gunia langu.

Kulikuwa na jambo jingine baya zaidi, sheria ya mikopo ya mwaka 1931. Kwa sheria ile, asiyekuwa Mwafrika akimkopesha Mwafrika, hawezi kumdai mahakamani mpaka mkopo uwe wa maandishi na mkuu wa serikali wilayani ameukubali. Walisema ni kumlinda mwenyeji asitumbukie kwenye madeni. Kweli ukiisikia hivi hivi inaonekana ni huruma. Lakini biashara ya duka ni mali kauli. Unachukua mzigo leo, unauza, unalipa mwisho wa mwezi. Mwenye mali akijua kwamba deni lake haliwezi kudaiwa, atakupa mzigo? Hakupi. Kwa hiyo Mhindi alimkopesha Mhindi mwenzake, na Mwafrika akabaki kununua kwa taslimu, kidogo kidogo, maduka hayakui.

Fiah aliliona hili. Mwaka 1934 akaanzisha chama cha wafanyabiashara wa Kiafrika, African Commercial Association, kuwaunganisha wenye maduka wa Dar es Salaam. Baadaye jina likapanuliwa likawa Tanganyika African Welfare and Commercial Association, yaani likaongezewa neno ustawi. Hapo ndipo mimi namvulia kofia. Alielewa kwamba mchuuzi hawezi kustawi kama mnunuzi wake ni fukara. Mteja wa duka la Kariakoo alikuwa kuli wa bandarini, boi wa nyumbani na fundi, hivyo wakinyonywa hao, na duka linakufa.

Chama bila mdomo hakisikiki. Novemba 1937 Fiah akatoa gazeti lake, Kwetu. Serikali ilikuwa na lake, Mambo Leo, tangu 1923, lakini Kwetu ndilo lililokuwa la kwanza Tanganyika kumilikiwa na kuendeshwa na Mwafrika. Mtu wa duka, bila ruzuku, akaliendesha mpaka 1951. Wale wanaojua gharama za kuchapisha hata kitabu cha risiti watanielewa hapo. Mishahara, elimu, kodi, ubaguzi katika biashara, yote aliyaandika, na maafisa wa serikali wakamwona mkorofi.

Lakini tusimfanye malaika. Fiah alikuwa mgumu wa kukaa naye. African Association ilikuwepo Dar es Salaam tangu 1929, na wengi katika viongozi wake walikuwa makarani na watumishi wa serikali. Fiah aliwaona ni waoga, wanaogopa kupoteza mshahara. Wao nao walimwona mtu wa kelele, tena mtu wa kuja. Mnajua wenyewe mambo yetu, badala ya kukaa meza moja watu wakawa na kambi mbili. Wenye elimu walikuwa na kalamu, wenye maduka walikuwa na fedha kidogo, na wote wawili walikuwa na shida moja.

Ikaja vita ya pili ya dunia. Nguo na vyakula vikawa vya mgao, na katika mgao anayejulikana ndiye anayepata. Watu wa bandarini waligoma 1939, wakagoma tena 1943, na 1947 mgomo ukawa mkubwa zaidi. Fiah akawasogelea, akaingia katika mambo ya chama cha makuli. Chama kile nacho serikali ikakifuta 1950 baada ya ghasia. Mwaka uliofuata Kwetu likazima. TANU ilipozaliwa 1954 kutoka kwenye African Association, majina yaliyopigiwa makofi yalikuwa mengine.

Kwa maoni yangu, kosa lake kubwa ni moja. Chama na gazeti vyote vilikaa juu ya mabega ya mtu mmoja. Alipochoka yeye, hakukuwa na wa kupokea.

Mtauliza, Ufipa inahusikaje na duka la Dar es Salaam? Inahusika sana. Wakati Fiah anapigania wachuuzi wa pwani, huku kwetu Mwingereza alituona ni watu wa kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge, basi. Wazee wetu walikwenda Tanga na Morogoro kutafuta hela ya kodi. Mfanyabiashara wa Kifipa hakuwa kwenye hesabu ya mtu. Baada ya uhuru nako, 1976 ikaja Operesheni Maduka, vijijini maduka ya watu binafsi yakafungwa ili yabaki ya kijiji. Mwaka ule ule serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Mchuuzi mdogo akaambiwa ni mnyonyaji. Chemba ya taifa ya biashara, viwanda na kilimo, TCCIA, ilikuja kuanzishwa 1988, zaidi ya miaka 50 baada ya chama cha Fiah.

Sasa wadau, chemba ya biashara watu wanadhani ni mahali pa wenye suti, cheti cha kusafirisha mzigo nje na semina hotelini. Fiah angewaambia kazi yake ya kwanza ni hii ya lumbesa. Wauzaji wa Milepa wakikubaliana kwamba gunia ni la mizani, lori litafanyaje? Limekwisha kuchoma mafuta kushuka mlima, haliwezi kurudi tupu. Na hati ya nyumba ambayo sina mimi, kikundi cha watu 30 chenye daftari na akiba kinaweza kuwa dhamana badala yake.

Tumeshakaa mara mbili, tuko 14. Nimeomba jambo moja tu, kwamba mwenyekiti asikae zaidi ya miaka mitatu na daftari lisilale nyumbani kwake. Wengine wamenicheka, wamesema naogopa kivuli. Siogopi kivuli, nimeona yaliyompata mzee Fiah.

Naomba kuwasilisha. Mwenye uzoefu wa chama kama hiki kutoka Mtowisa, Muze, Laela au popote, atumwagie hapa chini, hasa kama chenu kilikufa mtuambie kilikufaje.