Patterson wa Tsavo, na wale ambao hawakuhesabiwa

Kila nikipanda basi la Nairobi, tukishaipita Voi huwa nakaa macho. Nangoja Mto Tsavo. Abiria wenzangu wakati huo wengi wamelala, na mto wenyewe hupitwa mara moja tu, lakini mimi siwezi kupita pale bila ya kumkumbuka John Henry Patterson, na siwezi kumkumbuka bila ya kuwa na neno juu yake.

Patterson alizaliwa Ireland mwaka 1867, akaingia jeshi la Uingereza na kutumikia India, ambako pia aliwinda chui milia. Aliingia bandari ya Mombasa tarehe 1 Machi 1898. Reli ilikuwa imeshafika Tsavo, kiasi cha kilomita 210 kutoka hapa kwetu, naye akapelekwa kujenga daraja la kudumu. Hakukaa siku nyingi, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni wakaanza kuingia kambini usiku na kuchukua watu. Jemadari mmoja, Ungan Singh, alibebwa kutoka hemani mwake wenzake wakisikia. Watu walizungushia kambi maboma ya miiba na kuwasha mioto, na simba wakapita. Patterson akikesha juu ya mti kambi hii, kilio hutokea kambi ile.

Akaunda mtego wa mataruma na vipande vya reli, akaweka ndani yake askari wa Kihindi wenye bunduki, wakiwa wametengwa na simba kwa vyuma. Usiku mmoja simba akaingia kweli, mlango ukafunga. Wale askari kwa hofu wakamimina risasi huku na huku, hakuna iliyompata, na moja ikavunja chuma cha mlango. Simba akatoka, akaenda zake. Wako wanaowacheka watu wale. Mimi siwacheki, maana hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufungiwa chumba kimoja na simba gizani.

Kufikia Desemba mamia ya makuli walilisimamisha gari la moshi, wakalipanda wakarudi Mombasa. Kazi ikalala kwa majuma matatu. Siku hizohizo bwana mmoja wa serikali, Whitehead, alishuka Tsavo usiku akirukiwa na simba njiani. Yeye aliponea kwa kuparurwa mgongo. Sajenti wake, Abdullah, ndiye aliyechukuliwa.

Asubuhi ya tarehe 9 Desemba Patterson alipata habari kuwa simba yuko kichakani na mzoga wa punda. Akawatuma watu wapige madebe upande wa pili ili wamtoe. Simba akatoka, akasimama karibu mno akimtazama. Patterson akavuta kifyatulio, na bunduki ikanyamaza. Ilikuwa bunduki ya kuazima. Kwa mshangao akasahau kuwa ina mtutu wa pili, na lau simba hakuchagua kukimbia kwa ajili ya zile kelele, hadithi ingeishia hapo.

Usiku ule akajengewa dungu la nguzo nne karibu na yule punda, urefu wa futi 12 hivi, lenye kuyumba. Nyie mnaojua dungu la kuamia ndege shambani mtaelewa ubovu wake kwa kumvizia simba. Simba alikuja, lakini hakumtaka punda. Kwa muda wa saa mbili alizunguka dungu akimnyemelea mtu. Katikati ya hofu ile bundi akamgonga Patterson kichwani, nusura aanguke, akidhani ndiye simba. Hapa kwetu bundi ni mkosi. Usiku ule mkosi ukawa wa simba, kwani alipokaribia Patterson alipiga risasi kwenye kiza na kumuua. Wakahitajika watu wanane kumbeba.

Wa pili alichukua siku 20 zaidi. Alimjeruhi usiku, na asubuhi ya tarehe 29 Desemba akafuata damu pamoja na Mahina, mchukuzi wake wa bunduki. Simba akawajia. Risasi zikampiga na akaja vilevile. Patterson akanyoosha mkono nyuma kupokea bunduki ya pili, kumbe Mahina yuko juu ya mti, na bunduki anayo. Naye akaparamia mti huohuo. Aliokoka kwa kuwa risasi moja ilikuwa imemvunja simba mguu wa nyuma. Akampiga kutoka juu, simba akaanguka, Patterson akashuka haraka, na simba akainuka tena. Risasi mbili za mwisho zilimlaza hatua chache tu mbele yake.

Ushujaa wake siubishii. Neno langu liko kwenye hesabu. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 alitaja Wahindi 28 waliouawa, maana wao waliandikwa katika daftari za reli. Waafrika aliwataja kwa jumla tu, bila idadi, kwa kuwa hakuna aliyewaandika. Baadaye akasema wote walikuwa 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mifupa na manyoya ya simba wale, wakakisia kuwa walikula watu kama 35. Na njia ile ya Tsavo ilikuwa ya misafara ya pwani muda mrefu kabla ya reli. Wachukuzi na watumwa walioshindwa kutembea waliachwa njiani, na wako wanaosema simba walizoea nyama ya mtu hapo.

Patterson alirudi kuwa mkuu wa wanyamapori hapa nchini, akaongoza vikosi vya Wayahudi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akafariki California mwaka 1947. Ngozi za simba alizitandika nyumbani kwake miaka 25, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Chicago kwa dola 5,000. Mpaka leo wako kule, wamesimamishwa kama wazima.

Ikiwa nyumbani kwenu, iwe Mombasa, Mtwapa au Rabai, kuna jina la babu aliyekwenda kazi ya reli Tsavo asirudi, niandikieni. Nataka kulianza daftari.