MAISHA YA WATU WAKUBWA: ADRIEN ATIMAN, MUNGANGA WA KAREMA

Safari hii hatukwenda mbali kutafuta mtu wa kueleza habari zake. Ukisimama Mpala, kusini ya Kalemie, ukitazama ng'ambo ya ziwa, upande ule ni Karema, inchi ya Tanzania. Hapo ndipo Adrien Atiman alipofanya kazi ya uganga tangu 1889. Alikufa mwaka 1956. Yeye alikuwa Mkatoliki na sisi ni Waprotestanti, lakini dawa haiulizi dini, na mfano mwema ni wa watu wote.

Alizaliwa karibu mwaka 1866 katika inchi za mto Niger, upande wa Timbuktu, Afrika ya Magharibi. Angali mtoto mdogo, Watuareg walimwiba, wakamvusha jangwa la Sahara, akauzwa kama mbuzi. Huko Aljeria, karibu mwaka 1876, Mapadri Weupe walimlipia bei, wakamtoa utumwani, wakamtia shuleni.

Mkubwa wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa na fikra moja isiyokuwa ya kawaida siku zile. Aliona kwamba kazi ya Afrika itaendelezwa na Waafrika wenyewe, basi inafaa nao wafundishwe uganga. Mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, na vijana waliokombolewa utumwani walifuata masomo ya uganga kwenye chuo kikuu cha huko. Atiman alikuwa mmoja wao. Tufikiri kidogo: juzi mtumwa jangwani, leo mwanafunzi wa chuo kikuu! Akili ilikuwamo kichwani mwake tangu zamani. Kilichokosa ni njia tu.

Mwaka 1888 alifika Zanzibar, kisha akapanda kwa miguu pamoja na msafara mpaka kwenye ziwa letu. Karema ilikuwa boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao waliwaachia mapadri mwaka 1885. Hapo alifundisha dini na kutibu watu. Kumbe, hakukuwa na munganga mwingine wa kumwuliza. Ikiwa ni kidonda, ni yeye; ikiwa ni malale, ni yeye; ikiwa ni kupasua, ni yeye vilevile. Alioa Agnes Wansahira, wa ukoo wa watawala wa Wabende, na mwana wao Joseph akawa padri. Wadachi walitawala wakaondoka, Waingereza wakaja, na Atiman alikuwa angali pale. Alipewa nishani, na habari za maisha yake alizoandika mwenyewe zilichapwa mwaka 1946. Miaka 67 katika mahali pamoja! Leo hospitali moja ya Sumbawanga inaitwa kwa jina lake.

Mpaka hapa habari ni tamu. Lakini iko sehemu moja chungu, nasi hatutaki kuificha. Chuo kile cha Malta hakikudumu. Kilifungwa kabla karne ya 19 haijaisha, na kando ya ziwa hakikujengwa kingine cha namna ile. Atiman alipanda ngazi, kisha ngazi ikaondolewa nyuma yake. Vijana waliomfuata, hata wenye akili sawa na yake, hawakuona tena mahali pa kuweka mguu.

Katika Kongo tulionja uchungu huohuo. Wakati wa Wabelgiji, mtu wetu aliyesoma sana aliishia kuwa msaidizi wa munganga. Uhuru ulipokuja mwaka 1960 inchi nzima haikuwa na munganga Mkongo mwenye diploma kamili. Ndipo Shirika la Afya la Ulimwengu lilipochukua makumi ya wale wasaidizi, likawapeleka Ufaransa kumaliza masomo. Hawakuanzishwa upya kama watoto wa shule; kazi waliyokwisha kufanya ilihesabiwa. Baada ya miaka michache walirudi waganga kamili. Basi ngazi inaweza kujengwa, tena upesi, watu wakitaka.

Sasa tutazame karibu. Katika kila kituo cha afya wako watu ambao hatuwasalimii sana: anayefagia, anayefua mashuka ya wagonjwa, anayechemsha vyombo, anayelinda mlango usiku. Mwingine amefanya miaka ishirini. Anajua ni maji gani ya kuua vijidudu na kwa kipimo gani, anajua kidonda kinachonuka vibaya kabla infirmye hajafika. Lakini aliachia masomo kwenye shule ya msingi, na ITM haimpokei. Bila ITM hakuna A2, na bila diploma ya sekondari hawezi kuota ISTM. Atakufa na fagio mkononi, na ujuzi wake tutauzika pamoja naye.

Sisi wa Bendera tuko na mfano mbele ya macho. Maji ya Kyimbi yalianguka tangu zamani za mababu, yakapiga kelele tu. Hayakuwasha taa hata moja mpaka watu walipoyajengea njia na mashine. Ndipo umeme ukafika Kalemie. Akili ya mtu ni vivyo hivyo. Wanaohitaji njia hiyo wanataka masomo ya jioni baada ya kazi, mtihani unaohesabu miaka ya kazi, karatasi inayotambuliwa na serikali, na mshahara unaopanda pamoja na karatasi hiyo.

Wandugu, kati yetu wako watakaokuwa wainfirmye, wengine waganga, labda mmoja mkubwa wa hospitali. Siku ile ukipewa kiti, umkumbuke mtoto aliyeuzwa jangwani. Umwulize anayefagia jina lake, na alifika darasa la ngapi. Kisha umtafutie daftari.