Sheikh Abdallah Saleh Farsy: Mwalimu Aliyesoma Baada ya Kazi



Ndugu mwanafunzi, hali yako tunaijua. Umetoka shule saa nane, jua la Mkuza limekupiga njia nzima, nyumbani umekuta ndoo zinakungoja, na sasa umekaa mkekani ustadhi anasomesha Nahau na macho yanafumba yenyewe. Huo si uvivu, ni uchovu. Lakini wengi wetu hudhani kwamba wanavyuoni wakubwa walikuwa na siku nzima ya kusoma tu. Mwaka huu tumeona tukusimulie mmoja ambaye hakuwa nayo.

Sheikh Abdallah Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma skuli ya serikali kama wewe, na elimu ya dini akaitafuta kwa masheikh wa mjini, miongoni mwao Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir na Sayyid Omar bin Sumait. Kisha akasomea ualimu, na kuanzia mwaka 1933 akawa mwalimu wa skuli ya msingi. Kazi hiyo aliifanya miaka kama kumi na minne. Aliyewahi kusomesha watoto wadogo anajua mtu hurudi nyumbani na nguvu kiasi gani!

Hata hivyo ni katika miaka hiyo hiyo ndipo alipoandika vitabu, kikiwemo kile cha maisha ya Seyyid Said bin Sultan kilichotoka mwaka 1942. Mwaka 1947 akawa mkaguzi wa mafunzo ya dini katika skuli za Unguja na Pemba, na baadaye akaongoza Chuo cha Kiislamu cha Unguja. Tangu 1960 hadi 1967 alikuwa Kadhi wa Zanzibar. Kazi ya kutwa haikumwacha hata mara moja.

Sasa tazama jambo lililomsukuma. Tafsiri kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili ilikuwa imekwisha chapwa tangu mwaka 1923, lakini mwandishi wake, Godfrey Dale, alikuwa padri wa misheni. Mwaka 1953 ikatoka nyingine ya Ahmadiyya, kule Nairobi. Mswahili wa Kisunni asiyejua Kiarabu hakuwa na tafsiri kamili ya kwao ya kushika. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliianza, akafariki mwaka 1947 kabla ya kuimaliza.

Sheikh Farsy hakungoja mpaka apumzike. Alitoa sehemu moja, kisha nyingine, vijitabu vidogo vidogo vikichapwa Unguja katika miaka ya 1950. Hebu piga hesabu mwenyewe: Qur'ani ina sura 114 na aya 6,236. Mtu akifasiri aya mbili tu kila siku bila kukosa, atahitaji zaidi ya miaka minane. Na katikati ya kazi hii yakaja Mapinduzi ya 1964, kisha kuhama: mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka uliofuata, 1969, Qurani Takatifu ikatoka kamili Nairobi, maandishi ya Kiarabu na Kiswahili pamoja, na maelezo chini yake. Alikuwa na umri wa miaka 57.

Si masheikh wote waliokubaliana naye. Maneno yake makali juu ya mambo aliyoyaona ni bidaa yaliwaudhi wengi, na mjadala huo ungalipo hadi leo. 

Alifariki Muscat, Oman, mwaka 1982. Nakala yetu ya tafsiri yake imo kabatini, rafu ya juu, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi. Anayetaka kuisoma amwombe ustadhi ufunguo baada ya Alasiri.